Mhakiki wa Muziki na Mji Wake

Katika nchi za Ulaya na Marekani iko kazi moja ambayo wasomaji wetu wengi wataiona kuwa ya ajabu. Mtu huajiriwa na gazeti, hulipwa mshahara, na kazi yake ni kwenda jioni kusikiliza muziki, kisha kuandika usiku ule ule kama ulipigwa vema au vibaya. Asubuhi watu wa mji huisoma hukumu yake huku wakinywa chai. Mtu huyo huitwa mhakiki. Yeye hapigi fidla, haimbi, wala hatoi fedha za kuilipa nyumba ya muziki. Walakini waimbaji humwogopa, na viongozi wa muziki huamka mapema kulitafuta gazeti.

Huenda msomaji atauliza, Ni nani aliyempa mtu huyu ukadhi? Swali hili ni la haki, nasi twapenda kulichunguza kwa kuitazama miji miwili ya Marekani, Chicago na Cleveland. Yote miwili iko kando ya maziwa makubwa. Hatukuichagua kwa kuwa ina muziki bora kuliko Vienna au Milano, bali kwa sababu katika mmoja mhakiki alikuwa na nguvu kupita kiasi, na katika wa pili mhakiki alinyang'anywa kiti chake. Tena hii si miji ya wafalme. Ni miji ya reli, chuma na viwanda, na watu wake walipoutaka muziki mkubwa wa Ulaya iliwapasa kuujenga wenyewe na kuulipia wenyewe. Katika mji wa namna hiyo kila mtu amjua mwenziwe: mwenye kiwanda ni mzee wa halmashauri ya muziki, naye hula chakula pamoja na mwenye gazeti. Hapo ndipo hukumu ya mhakiki huwa jambo zito.

Yafaa kwanza tueleze maneno mawili. Okestra ni kundi la wapigaji wapatao mia moja, wenye fidla za kila ukubwa, filimbi, tarumbeta na ngoma, nao huongozwa na mtu mmoja asiyepiga chombo chochote, ila ana kijiti mkononi. Opera ni mchezo ambao maneno yake huimbwa toka mwanzo mpaka mwisho, na okestra hupiga chini ya jukwaa. Kwaya zetu za vijijini zina mwalimu asimamaye mbele. Basi kiongozi wa okestra ni kama mwalimu huyo, ila wanafunzi wake ni mafundi waliobobea, na kila mmoja ana maoni yake juu ya mwalimu.

Okestra ya Chicago ilianzishwa mwaka 1891 na Theodore Thomas. Baada yake akaja Frederick Stock, aliyeiongoza tangu 1905 mpaka alipofariki mwaka 1942. Mwaka ule ule gazeti kubwa la mji, Chicago Tribune, lilimwajiri mwanamke mmoja, Claudia Cassidy, aliyezaliwa mwaka 1899 katika mji mdogo wa Shawneetown. Alikaa katika kazi hiyo mpaka 1965. Kwa miaka ishirini na mitatu aliandika juu ya muziki, michezo ya kuigiza na dansi, na hapakuwa na mtu mwingine katika mji ule ambaye neno lake liliweza kujaza viti au kuvifanya viwe vitupu kama lake. Watu walilichezea jina lake, wakampa jina la utani lenye maana ya tindikali.

Tusimwonee. Kalamu ile ile iliyounguza iliweza kuokoa. Mwezi wa Desemba 1944 mchezo wa kijana asiyejulikana sana, Tennessee Williams, ulianza kuonyeshwa Chicago. Jina lake ni The Glass Menagerie. Baridi ilikuwa kali, viti vilikuwa vitupu, na wenye mchezo walikuwa karibu kuufunga. Cassidy aliuona, akaandika kwamba ni kazi njema, kisha akarudi kuutazama tena na tena, na kila mara akawakumbusha wasomaji wake. Mhakiki mwenzake, Ashton Stevens wa gazeti lingine, alifanya vivyo hivyo. Watu wakaanza kuja. Mwaka 1945 mchezo ulipelekwa New York, na leo husomwa katika vyuo vya nchi nyingi. Kama wahakiki wale wawili wangeandika maneno ya adabu tu, yaani kwamba waigizaji walijitahidi na watu walifurahi, huenda mchezo ungalizikwa katika theluji ya Chicago.

Vivyo hivyo katika opera. Chicago ilikuwa na jumba kubwa la opera, lililofunguliwa mwezi wa Novemba 1929, siku chache tu baada ya biashara ya hisa kuanguka New York na matajiri wengi kufilisika. Kampuni moja baada ya nyingine ilijaribu kuimba humo, ikashindwa kwa madeni. Na tangu 1946 mji haukuwa na kampuni yake ya opera. Waliouamsha moto huo tena ni watu watatu: Carol Fox, Lawrence Kelly na kiongozi wa muziki Nicola Rescigno. Tarehe 1 Novemba 1954 walifungua msimu wao kwa opera iitwayo Norma, kazi ya Bellini ya mwaka 1831, na mwimbaji mkuu alikuwa Maria Callas, aliyekuwa hajapata kuimba opera katika Marekani ijapokuwa alizaliwa New York. Mji wa New York wenyewe, wenye nyumba ya opera kubwa kuliko zote za nchi ile, ulikuwa bado kumsikia katika jumba lake mpaka 1956.

Hadithi ya Norma yafaa kusimuliwa, kwa kuwa haina ugeni kwetu. Norma ni kuhani wa kike wa watu wa kale wa Gali, waliotawaliwa na Warumi. Watu wake wamngoja atoe neno ili waanze vita. Kumbe kwa siri amezaa watoto wawili na mtawala wa Kirumi, na mtawala huyo sasa anampenda msichana mwingine, kuhani mdogo. Mwisho Norma awakusanya watu, atangaza kwamba yuko kuhani aliyevunja kiapo na apasaye kufa motoni. Watu wanapouliza jina, ajitaja mwenyewe. Mwimbaji wa sehemu hii hana budi kuwa na pumzi ndefu, sauti nyepesi ya kupanda na kushuka haraka, na tena sauti nzito ya hasira, vyote katika jioni moja. Wachache sana huviweza. Cassidy alitambua kwamba Callas aliviweza, akalisema waziwazi, na kampuni ile changa, ambayo baadaye iliitwa Lyric Opera of Chicago, ikapata katika gazeti lake rafiki wa kwanza. Ingali yaimba katika jumba lile la 1929.

Sasa tuje kwenye upande wa pili. Baada ya Stock kufa, okestra ilipata viongozi kadhaa kwa muda mfupi. Désiré Defauw, Mbelgiji, alikaa tangu 1943 mpaka 1947, na Cassidy hakumpenda tangu mwanzo. Mwaka 1950 akaja Rafael Kubelík, mtu wa miaka thelathini na sita, aliyeiacha nchi yake ya Chekoslovakia mwaka 1948 wakomunisti walipoishika serikali. Alikuja na bidii nyingi na muziki mpya mwingi ambao wazee wa Chicago hawakuuzoea. Cassidy alimpiga kwa kalamu msimu baada ya msimu. Mwaka 1953 Kubelík akaondoka. Si yeye peke yake aliyemwondoa, maana hata katika halmashauri walikuwapo waliochoshwa na muziki mpya. Lakini kiongozi asomaye kila juma kwamba hafai, na kujua kwamba wapigaji wake nao wamesoma, na walipaji wake nao wamesoma, huyo husimama mbele ya okestra na nusu ya mamlaka yake imekwisha kuondoka.

Je, hukumu ile ilikuwa ya kweli? Hapa tuna bahati ambayo watu wa zamani hawakuwa nayo, kwani muziki ule ulinaswa. Mwaka 1951 kampuni ya sahani za santuri iitwayo Mercury iliirekodi okestra ya Chicago chini ya Kubelík kwa kutumia maikrofoni moja tu iliyotundikwa. Walipiga kazi ya Mussorgsky juu ya picha za maonyesho, kama ilivyopangwa kwa okestra na Ravel. Kazi hiyo huanza na tarumbeta moja peke yake, bila msaada wa chombo kingine, na aliyepiga ni Adolph Herseth, aliyekaa katika kiti kile cha kwanza cha tarumbeta tangu 1948 mpaka 2001. Mhakiki mmoja wa New York, Howard Taubman, aliposikia sahani ile aliandika kwamba ni kana kwamba okestra ipo hai mbele ya msikilizaji; kampuni ikayachukua maneno yake ikayafanya kuwa jina la sahani zake za namna hiyo zilizofuata. Leo mtu mwenye simu aweza kuisikiliza. Nasi twasema bila kusitasita kwamba ile si okestra iliyopotea njia. Sauti ni safi, mwendo ni imara, na mahali pa wimbo wa mkokoteni wa ng'ombe uzito huongezeka polepole mpaka msikilizaji ausikia udongo ukibonyea.

Watetezi wa Cassidy husema hivi: Baada ya Kubelík alikuja Fritz Reiner, aliyemsifu, na katika siku za Reiner, tangu 1953 hata mapema ya miaka ya sitini, okestra ya Chicago ilipata sifa duniani kote, basi bibi yule alikuwa na masikio. Kwamba alikuwa na masikio hatukatai. Lakini wema wa Reiner si ushahidi wa ubaya wa Kubelík. Mkulima aliyepata mavuno mengi mwaka huu hathibitishi kwa hayo kwamba mbegu ya mwaka jana ilikuwa mbovu. Kubelík mwenyewe alikwenda London kuongoza opera katika Covent Garden tangu 1955 hata 1958, kisha akaongoza okestra ya redio ya Bavaria kwa miaka kumi na minane, 1961 mpaka 1979, na ulimwengu ukamhesabu miongoni mwa wakubwa. Mwaka 1990 alirudi Praha, baada ya zaidi ya miaka arobaini ya ugeni, akawapigia watu wake muziki wa Smetana juu ya nchi yao. Mtu wa namna hii si mtu wa kufukuzwa kwa dhihaka. Mwezi wa Julai 1996 Cassidy alifariki Chicago akiwa na miaka tisini na sita. Mwezi uliofuata Kubelík naye akafariki Uswisi.

Ila yake, kwa maoni yetu, haikuwa ukali. Ukali una mahali pake. Wahenga walisema kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na hakuna mgema apendaye kusifiwa kama mwimbaji. Ila yake ilikuwa kwamba mara nyingi maneno yake yalieleza moyo wake kuliko yalivyoeleza muziki. Alikuwa fundi wa mifano. Msomaji aliinuka kutoka gazetini akijua vema kwamba Bibi Cassidy alichukizwa. Ni kosa gani lililotendeka, na katika sehemu ipi ya wimbo, hilo mara nyingi hakulipata. Hukumu ya namna hiyo haijibiki. Ukimwambia mwimbaji kwamba aliimba chini ya noti katika ubeti wa pili, aweza kukubali, au kukana, au kufanya mazoezi. Ukimwambia kwamba sauti yake ni kama chuma chenye kutu, atafanya nini ila kulia au kukuchukia?

Tuendeeni sasa hata Cleveland, mji ulio kando ya ziwa Erie. Okestra yake ilianzishwa mwaka 1918 kwa juhudi ya mwanamke aitwaye Adella Prentiss Hughes, na jumba lake, Severance Hall, lilifunguliwa mwaka 1931. Tangu 1946 hata 1970 iliongozwa na George Szell, mwalimu mkali asiyeacha kosa dogo kupita, akaifanya kuwa moja ya okestra safi kabisa za dunia. Watu wa Cleveland, ambao mji wao ulipungukiwa na viwanda na watu mwaka hata mwaka, waliishikilia okestra hiyo kama mtu aliyeuza mifugo yote ashikiliavyo ng'ombe mmoja wa ukoo. Jambo hilo sharti likumbukwe, maana pasipo hilo yaliyofuata hayaeleweki.

Mwaka 2002 Franz Welser-Möst, Mwaustria, alishika uongozi, akaendelea kwa zaidi ya miaka ishirini. Mhakiki wa gazeti la Plain Dealer alikuwa Donald Rosenberg, aliyekuwa katika kazi hiyo tangu 1992. Huyu hakuwa mgeni wala adui wa okestra. Mwaka 2000 alikuwa ametoa kitabu kikubwa cha historia yake. Alimsikiliza kiongozi mpya msimu baada ya msimu, na mara nyingi aliandika kwamba hakuridhika. Wakati ule ule wahakiki wa miji mingine, na hasa wa Ulaya, walikuwa wakiisifu okestra iliposafiri. Ndipo mwezi wa Septemba 2008 mhariri akamwondoa katika kuihakiki okestra, akampa mwandishi mwingine kazi hiyo. Rosenberg alibaki gazetini, akiruhusiwa kuandika mambo mengine ya sanaa. Kabla ya mwaka kwisha alilishtaki gazeti pamoja na chama chenye okestra. Kesi ilisikizwa mwaka 2010, na mwezi wa Agosti raia walioketi kuamua wakayakataa madai yake.

Tusichanganye mambo mawili. Mahakama iliulizwa juu ya sheria: je, mwenye gazeti aweza kumbadilishia mwandishi wake kazi? Naam, aweza, kama mwenye shule awezavyo kumwondoa mwalimu darasa la nne na kumpa la pili. Lakini mahakama haikuulizwa, wala haiwezi kuulizwa, kama muziki wa Welser-Möst ulikuwa mzuri. Huenda Rosenberg alikosea juu yake. Kiongozi yule alipewa baadaye uongozi wa muziki katika opera ya taifa ya Vienna, tangu 2010 mpaka 2014, na watu wa Vienna si wajinga wa muziki. Twaweza hata kukubali kwamba mtu anayesikiliza kiongozi mmoja kwa miaka sita bila kuridhika, masikio yake huanza kujibu kabla ya muziki kuanza. Hatari hiyo ni ya kweli kwa kila mhakiki, na mhariri mwenye busara humwita mwandishi wake, huzungumza naye, na tena huweka kando yake mtu wa pili mwenye maoni mengine.

Walakini kumwondoa ni jambo lingine, na katika Cleveland lilikuwa baya maradufu, kwa sababu mji ule ulikuwa na gazeti moja tu la kila siku, tangu lile la pili lilipofungwa mwaka 1982. Chicago ya Bibi Cassidy ilikuwa na magazeti kadhaa. Aliyechoka na ukali wake aliweza kununua jingine. Mtu wa Cleveland hakuwa na jingine. Tena fikirini habari ya mwandishi aliyepewa nafasi ile. Hata akiwa mwaminifu kabisa, kila asifupo, msomaji atajiuliza kama asifu kwa kuwa amesikia au kwa kuwa amejifunza kwa mwenzake yaliyompata. Basi okestra nayo ilipata hasara, maana sifa ambayo haikuweza kuwa lawama haina thamani sokoni. Welser-Möst mwenyewe, kama alipiga vema, aliibiwa ushahidi.

Siku hizi magazeti mengi ya Marekani yamepunguza wahakiki wa muziki, si kwa ugomvi bali kwa fedha. Miji iliyogombana na wahakiki wake sasa haina wa kugombana naye.

Kwetu hakuna mtu anayelipwa na gazeti kuisikiliza kwaya ya kijiji, lakini waamuzi wa mashindano ya kwaya wapo, na wasomaji wetu wawajua. Twaona kwao magonjwa yale yale mawili. Yuko mwamuzi apendaye kuchekesha watu. Hupanda jukwaani kutoa maelezo, na kwaya iliyoshindwa hurudi kwao usiku katika lori ikiwa na methali yake moja ya kuchoma moyo na bila kujua ni wimbo gani uliowaangusha. Na yuko yule, naye ni wengi, aogopaye wenyeji. Mcheza kwao hutunzwa, husema moyoni, basi huwapa wenyeji alama themanini na tano, na wageni themanini na nne, na wengine wote themanini na tatu, kisha hula wali wake kwa amani. Kwaya kumi zimetembea, zingine kwa miguu, zimefanya mazoezi tangu Kwaresima, nazo zimerudi na tarakimu tatu zisizosema kitu.

Mwamuzi tumtakaye huandika. Huandika kwamba besi walichelewa kuingia katika ubeti wa tatu. Kwamba wimbo ulianzishwa juu mno, hata sauti ya kwanza wakapiga kelele mahali pa kilele badala ya kuimba. Kwamba neno "bara" lilisikika kama "baraa" kwa kuwa tuni ya kizungu ililivuta silabi isiyopasa kuvutwa, na kosa hilo ni la aliyetafsiri, si la waimbaji. Kwamba mwisho wa wimbo, walipoimba polepole, watu wa nyuma kabisa waliacha kuzungumza. Kisha hutia sahihi yake chini. Mwalimu wa kwaya aweza kuibandika karatasi hiyo ukutani na kuanza nayo mazoezi Jumatatu jioni, hata kama haipendi.